NYONGA INAYOKUFA NA KAZI NYEPESI



Mtu akipata maumivu ya kinena yashukayo mpaka gotini, husema ni baridi, ama uchovu wa kubeba magunia. Pengine sivyo. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kizungukacho ndani ya nyonga, damu yake ikikatika hufa kidogo kidogo, na mwisho hubonyea. Sababu ni nyingi: nyonga kuvunjika au kuteguka, dawa za steroidi kwa wingi na kwa muda mrefu, ulevi, ugonjwa wa selimundu. Wapiga mbizi nao hupatwa.

Je, ni lazima kupasuliwa? Si wote. Ikiwa mfupa haujabonyea na sehemu iliyokufa ni ndogo, daktari aweza kujaribu magongo ili kuupunguzia mguu mzigo, mazoezi, dawa za maumivu, na kuacha pombe. (Anayetumia fimbo moja aishike kwa mkono wa upande mzima, wengi hukosea hapo.) Mwenye kumeza steroidi asiziache ghafula kwa shauri lake mwenyewe. Wako wanaopewa vidonge vya alendronati, lakini majaribio yake hayakubaliani. Wala tusidanganyane: wengi huishia kubadilishiwa nyonga. Lakini aliyewahi mapema aweza kupata nafuu na kuichelewesha siku hiyo. Eksirei ya mwanzo yaweza kuonekana safi. Mashine ya MRI ndiyo huonyesha mapema.

Sasa, dawa ya kwanza ni kuupumzisha mguu, na dawa hiyo haiuzwi dukani. Iko mkononi mwa tajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mgonjwa mwenye cheti siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12. Magongo yaweza kutakiwa majuma mengi! Basi mtu huyatupa akarudi kwenye magunia, na mfupa ukabonyea kazini.

Siku hizo ni kiwango cha chini tu. Mkataba wa chama waweza kuzidisha. Mimi nataka mkataba ujao uandikwe hivi: mwenye barua ya daktari apewe kazi ya kukaa, kwa mshahara ule ule. Tajiri atajibu kwamba kazi ya kukaa hana. Nani basi huhesabu magunia langoni? Nani huandika kadi za stoo? Wawakilishi wa kila idara wazihesabu kazi hizo na kuzileta kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo kuanza.