Dagaa wa Kigoma wanakosa chakula

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3 ili samaki wazaliane. Hatua hiyo tunaiunga mkono, ila inamgusa mvuvi peke yake, na mvuvi si chanzo pekee cha dagaa kupungua.

Dagaa hula zuplanktoni, vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo navyo hula mwani. Mwani unahitaji rutuba iliyolala vilindini, katika ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470. Kusi inapovuma husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini yale ya chini hupanda na rutuba yake. Sasa maji ya juu yamepata joto, yamekuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta kwenye mchuzi, na rutuba hupanda kwa shida. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, awashe taa hata usiku kucha, mwanga huo unakusanya dagaa, hauwalishi.

TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, ipewe fedha za kupima joto la vilindi na wingi wa zuplanktoni mwaka mzima, na matokeo yafike kwa majirani wa ziwa hili, Burundi, Zambia na Kongo. Tarehe za kufunga ziwa zitokane na vipimo hivyo.