Riahi Tumboni Si Aibu, Tuanzie Jikoni

Ashakum si matusi. Ninalotaka kulizungumzia leo ni jambo ambalo waungwana hulinyamazia mezani na vijana hulichekea bwenini: riahi, yaani gesi inayojaa tumboni na kutafuta pa kutokea. Huenda msomaji akauliza iwapo ukumbi huu wa heshima umeishiwa na hoja. La hasha! Katika miaka ambayo nimefundisha katika shule za bweni, nimewaona wanafunzi wakiacha chakula cha jioni, si kwa kushiba, bali kwa kuogopa kitakachowafika wakati wa masomo ya usiku. Mtoto anapochagua njaa ili aepuke kuchekwa, jambo hilo limekwisha kuwa la afya na la elimu pia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nasema mficha riahi hasomi.

Hebu kwanza tuielewe asili yake. Mtu mwenye afya njema hutoa riahi mara 10 hadi 20 kwa siku. Waziri hutoa, mwalimu mkuu hutoa, na hata bibi harusi hutoa. Sehemu ya gesi hiyo ni hewa tunayoimeza tunapokula na kunywa. Nyingine hutengenezwa ndani ya utumbo mpana. Maharagwe, kunde, ndengu na mbaazi zina sukari za aina ya rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Sukari hizo hupita salama katika utumbo mwembamba hadi kufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huzichachua mfano wa uji unavyochachuka mtungini. Zao la uchachu huo ni haidrojeni, hewa ya kaboni na, kwa baadhi ya watu, methani. Gesi hizo tatu hazina harufu hata kidogo. Inayotuziba pua ni sehemu ndogo mno ya gesi zenye salfa.

Kwa hivyo, kijana aliyejaa riahi baada ya kula githeri si mchafu wala hana utovu wa adabu. Tumbo lake linafanya kazi ile ile inayofanywa na tumbo la yule anayemcheka.

Sasa tuelekee jikoni, kwani huko ndiko kwenye kiini cha hoja yangu. Mwanafunzi wa bweni hula githeri, au ugali na maharagwe, wiki nenda wiki rudi. Sina ugomvi na maharagwe. Ni chakula chenye protini nyingi kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuimudu. Ugomvi wangu ni namna tunavyoyapika. Katika jikoni kadhaa nilizopata kuziona, maharagwe hutolewa ghalani asubuhi, huoshwa mara moja, kisha hutiwa sufuriani na kuwekwa motoni. Yakikataa kuiva, hutiwa magadi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha, lakini pia huharibu vitamini B1, na bado sukari zile zinazoleta riahi huishia katika mchuzi na kupakuliwa pamoja nao.

Akina nyanya zetu hawakusoma kemia, ila wengi wao walijua kuloweka. Maharagwe yakilazwa usiku kucha katika maji mengi, kiasi cha mara tatu ya ujazo wake, sehemu ya sukari hizo huyeyuka na kubakia majini. Asubuhi maji hayo humwagwa, maharagwe yakasuuzwa, yakatiwa maji mapya na kuchemshwa sana hadi yaive barabara. Kuchemsha huko si hiari, kwa maana maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo, nayo huondolewa na maji yanayotokota kwa dakika 10 au zaidi. Kuloweka hakumalizi riahi kabisa, lakini hupunguza.

Najua mpishi atasema kwamba kumwaga maji ni kumwaga vitamini. Asemayo yana ukweli kidogo, kwa kuwa vitamini na madini kiasi fulani hupotea. Hata hivyo, protini hubakia ndani ya punje, na chakula kinacholiwa kina faida kuliko kile kinachorudishwa na kutupwa. Naye mhasibu wa shule atauliza gharama. Jibu ni kwamba maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi zaidi, na kuni zinazookolewa ni fedha. Kinachohitajika ni mapipa safi yenye vifuniko, maji, na mtu wa kukumbuka jioni.

Aidha, sisi walimu tuna lawama yetu. Tunapolipa bwalo dakika chache na kupiga kengele ilhali foleni bado ni ndefu, tunamfundisha mtoto kuubwia mlo badala ya kuutafuna. Kila tonge linalomezwa kwa pupa huingia na hewa yake. Haraka haraka haina baraka, hata tumboni. Vilevile, mwanafunzi mgeni aliyezoea vyakula vingine nyumbani huteseka zaidi mwanzoni, kabla mwili haujazoea maharagwe ya kila siku. Huyo ahitaji kuelezwa kwamba baada ya majuma machache wengi hupata nafuu. Kumpachika jina la utani hakumsaidii.

Nanyi wanafunzi wapenzi, zipo njia za asili zisizohitaji kukimbilia duka la dawa. Kula polepole. Tembea kidogo baada ya mlo badala ya kujilaza. Punguza soda na ubani wa kutafuna. Watu wa Pwani wametumia tangu jadi chai ya tangawizi, iliki, bizari nyembamba na nanaa. Mafuta ya nanaa yamepata kuchunguzwa na wataalamu, na yameonekana kuwapunguzia maumivu baadhi ya watu wenye matumbo mepesi kuchafuka. Hayo mengine yanategemea zaidi mazoea ya wazee kuliko ushahidi wa maabara, lakini kikombe cha chai ya tangawizi hakina dhara kwa walio wengi.

Chunguza maziwa pia. Watu wengi, baada ya utotoni, hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, ingawa wengi wa jamii za wafugaji huendelea kuwa nacho. Ikiwa tumbo lako hunguruma kila unywapo maziwa matamu, jaribu maziwa lala, kwa kuwa bakteria wa kuyagandisha huwa wamekwisha kuitumia sehemu ya sukari hiyo.

Lakini tusidhani kwamba kila tumbo lililojaa ni la maharagwe. Riahi zikiandamana na kupungua uzito, damu katika choo, homa, kutapika, kuhara kusikokoma au maumivu makali, hapo tangawizi haitoshi. Huenda ni amiba, au viini vingine vya maji machafu, au maradhi makubwa zaidi. Hapa ndipo aibu inapogeuka hatari. Mwanafunzi aliyezoea kuchekwa hatamwambia muuguzi wala mwalimu, naye ugonjwa utaendelea kumla kimyakimya. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Maoni yangu, basi, ni haya. Bodi za shule ziagize kwamba maharagwe na mahindi ya githeri yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe. Walimu wa zamu waongeze dakika za kula. Walimu wa sayansi, wanapofundisha mmeng'enyo wa chakula, wasiruke suala la riahi kwa kuogopa kicheko, bali wakiache kicheko kipite, kisha waeleze. Darasa litakalocheka pamoja na kuelewa pamoja halitamfanya mtoto yeyote alale njaa kwa ajili ya sahani ya maharagwe.