Kuni za mama na sheria ya komine

Swali la wiki hii limetoka kwa dada mmoja anayekaa karibu na Flagey. Mama yake, mzaliwa wa Bukavu, amepanga kuni kwenye ukuta wa ua mpaka zimefika dirishani, na jirani anasema ataandikia komine. Eti mipango miji inakataza. Inakataza kweli?

Rundo la kuni za nyumbani, kwa ninavyoisoma sheria, hapana. CoBAT, sheria ya ujenzi ya Brussels, kwanza inauliza kama umejenga. Kuni chini ya turubai si jengo. Ukiziwekea kibanda chenye paa ni habari nyingine, ingawa kibanda kidogo nyuma ya nyumba, kisichozidi mita za mraba 9, mara nyingi hakiombi kibali. Halafu inauliza kiwanja unakitumiaje. Kifungu cha 98 kinataka kibali kwa anayetumia kiwanja kwa mazoea kuweka magari mabovu, vyuma chakavu, vifaa au taka. Shikeni hilo "kwa mazoea". Kuni za jiko la sebuleni si depo. Lakini mama akianza kuuzia nusu ya kanisa, mapaleti yanaingia kila Jumamosi, hapo jirani ana hoja.

Mbele ya nyumba, usijaribu. Kile kipande kati ya mlango na barabara, kanuni za mkoa za 2006 (RRU) zinataka kiwe bustani, basi.

Sasa tuseme ukweli: wengi wetu Ixelles hatuna ua. Tuna balkoni, au kave chini. Huko mipango miji haifiki sana. Wanaofika ni mwenye nyumba na mkataba wake, na kanuni za wenye jengo. Kwenye ngazi na korido usiweke hata gunia moja, juu ya moto. Na balkoni ipimeni kwa akili: mita moja ya ujazo ya kuni za mwaloni zilizopangwa, hata zikiwa kavu, inakaribia nusu tani.

Kinachomhusu mama wa dada yetu zaidi ni ukuta wenyewe. Tangu Septemba 2021, Kitabu cha 3 cha sheria mpya ya kiraia, kifungu 3.101, kinampa jirani haki ya kudai ukimletea usumbufu uliopita kiasi. Unyevu kwenye ukuta wa pamoja, panya, hayo anaweza kuyapeleka kwa jaji. Kwa hiyo acheni nafasi ya kiganja kati ya kuni na ukuta, na chini muweke mbao. Kuni zitakauka vizuri pia.

Kumwambia mama apunguze ni kazi ngumu zaidi. Bukavu, barabara ikikatika bei ya makala inapanda siku hiyo hiyo, na mwenye magunia mawili ndani ndiye anayelala. (Watu wa pwani, msicheke: kwenu makala ni hiki mnachosoma, kwetu ni makaa.) Gesi ilipopanda hapa 2022, ni nani alikuwa ameshajiandaa?

Dada, piga picha ya ua leo, upime urefu, uipeleke kwenye ofisi ya mipango miji ya komine kabla jirani hajaandika. Lakini kwanza shukeni mkaongee naye. Mama aseme kwa Kifaransa chake mwenyewe. Wewe usimtafsirie.