Mkono ukiumia, gitaa likanyamaza: Familia ifanye nini?

Katika nyumba nyingi kuna gitaa lililoegemezwa ukutani au kinanda kilichofunikwa kitambaa. Mwenyewe si msanii wa kulipwa. Mchana ni mwalimu, seremala au karani. Jioni anapiga kwenye kwaya, kikundi cha taarab au sebuleni, watoto wakiimba. Siku kidole chake kikikatwa na kisu, kikibanwa na mlango wa gari au kikivunjika kwenye ajali ya bodaboda, kila mtu huuliza atarudi lini kazini. Wachache huuliza atarudi lini kwenye gitaa.

Swali hilo la pili si la anasa. Mtu anaweza kuandika, kuendesha gari na kubeba ndoo akiwa na kidole kisichokunjika vizuri, lakini hawezi kubana kodi. Ndiyo maana mpigaji anatakiwa kumwambia daktari tangu siku ya kwanza kuwa anapiga ala ya muziki, ni ala gani, na mkono upi hufanya kazi gani. Taarifa hiyo inaweza kubadilisha namna jeraha litakavyoshonwa, kufungwa na kufanyiwa mazoezi.

Saa za kwanza

Pete zivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, libanwe kwa kitambaa safi hadi damu ikate, kisha mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo wakati wa kwenda hospitali.

Dawa ya mswaki, majivu, mafuta ya taa na majani ya chai visiwekwe kwenye jeraha. Havizuii damu kwa usalama, vinaingiza uchafu na vinampa daktari kazi ya ziada ya kusafisha. Kidole kilichovimba nacho kisichuliwe wala kuvutwa "kikae sawa", kwani kama mfupa umevunjika, kuvuta kunaweza kuusogeza zaidi.

Kipande cha kidole kikikatika kabisa, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kipande kisigusane na barafu moja kwa moja, kwa sababu barafu huunguza nyama. Chanjo ya pepopunda isisahauliwe, hasa kwa jeraha la bati, msumari au udongo.

Jeraha dogo linalodanganya

Kosa la kawaida nyumbani ni kupima jeraha kwa wingi wa damu. Mkato wa sentimita moja upande wa kiganja unaweza kukata kano inayokunja kidole au mshipa wa fahamu, huku damu ikikata ndani ya dakika chache. Familia iangalie mambo matatu.

La kwanza, ncha ya kidole inakunjika yenyewe? Kama haikunjiki, kano huenda imekatika. Kano iliyokatika upande wa kiganja haijiungi yenyewe, kwa kuwa ncha zake huvutana zikaachana. Huhitaji upasuaji, na ukifanyika ndani ya siku chache matokeo huwa mazuri kuliko baada ya wiki nyingi.

La pili, kidole kina ganzi upande mmoja? Hiyo ni dalili ya mshipa wa fahamu. Mshipa ulioshonwa huota upya taratibu, kwa makadirio ya milimita moja kwa siku, hivyo subira ni sehemu ya tiba.

La tatu, vidole vinapokunjwa pamoja vinaelekea upande mmoja? Kama kimoja kinapanda juu ya mwenzake, huenda mfupa umevunjika na kujizungusha. Mtu asiyepiga muziki anaweza kuuzoea ulemavu huo. Mpiga kinanda atakuwa anagusa noti mbili kila anapotaka moja.

Jambo moja kati ya haya likionekana, safari ni ya hospitali yenye daktari wa mifupa au wa mikono siku hiyohiyo, si ya duka la dawa.

Banzi lina muda wake

Wengi hufungua banzi au hogo mapema kwa sababu maumivu yamepungua. Maumivu kupungua si kupona. Mfupa wa kidole mara nyingi huhitaji wiki 3 hadi 6 kushika. Kano ya kukunja iliyoshonwa huhitaji takribani wiki 12 kabla ya kazi nzito. Kidole ambacho ncha yake imeanguka na hainyooki, jeraha la kawaida kwa wacheza mpira, huvalishwa banzi dogo kwa wiki 6 hadi 8 usiku na mchana. Ncha ikiachwa ianguke hata mara moja wakati wa kuoga, hesabu huanza upya.

Upande wa pili nao una hatari yake. Vidole hukakamaa haraka visipotumika. Vidole ambavyo havikuumia, kiwiko na bega viendelee kuchezeshwa kila siku, kama daktari hajakataza. Nauli na gharama zikiwa mzigo, mgonjwa aombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwandikie zoezi la kufanya nyumbani: mara ngapi, kwa muda gani, na dalili gani za kumfanya asimame.

Kurudi kwenye ala

Daktari akiruhusu, mpigaji asianze na wimbo mzima. Aanze na dakika 5, mara mbili kwa siku, baada ya kupasha mkono joto kwa maji ya uvuguvugu, kama kidonda kimefunga. Apige polepole na kwa sauti ya chini. Kipimo ni asubuhi inayofuata. Kama mkono hauna uvimbe wala maumivu mapya, aongeze dakika mbili au tatu baada ya siku kadhaa. Kama umeamka na maumivu, arudi nyuma hatua moja. Mwenye ganzi aangalie vidole vyake kwa macho, maana waya unaweza kumkata asijue.

Ala nayo inaweza kumfuata mgonjwa. Waya za nailoni au nyembamba hupunguza nguvu ya kubana. Fundi anaweza kuzishusha karibu na shingo ya gitaa. Kapo husogeza mkono mahali ambapo vidole havitanuki sana. Kodi ya noti tatu inaweza kutosha pale palipokuwa na sita. Kwenye kinanda, mkono mzima unaweza kushika besi huku mwenzake akijaza juu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Django Reinhardt aliungua mkono wa kushoto mwaka 1928, vidole viwili vikabaki vimelemaa, akaunda upya namna yake ya kupiga gitaa na kuwa miongoni mwa magwiji wa jazi. Tony Iommi wa Black Sabbath alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na kutumia waya nyepesi. Mpiga piano Paul Wittgenstein alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, na Maurice Ravel akamtungia kazi ya mkono wa kushoto pekee. Hawa hawakurudi kupiga kama zamani. Walipata namna nyingine, na iliwachukua muda.

Maneno ya nyumbani

Kauli kama "shukuru Mungu, si kazi yako inayokulisha" husemwa kwa nia njema, lakini humfunga mgonjwa mdomo. Kwa wengi, kupiga ndiyo saa pekee ya wiki wasiyokuwa baba, mama au mfanyakazi wa mtu. Kuikosa kunauma, na mzazi anaruhusiwa kuhuzunika.

Mwenza anaweza kusaidia kwa kumwacha aende mazoezini hata kama hapigi. Anaweza kuimba, kuhesabu mapigo, kufundisha vijana au kusikiliza tu. Kiongozi wa kwaya naye asimwondoe kwenye orodha kwa kumwonea huruma.

Watoto waelezwe ukweli kwa lugha yao: mkono unapona, utachukua muda, na huenda baadhi ya nyimbo zitapigwa tofauti. Wasiahidiwe tarehe. Mtoto anayemwona mzazi akifanya zoezi la dakika 5 kila jioni bila kukata tamaa anajifunza namna ya kukabili ugonjwa kuliko kwa mahubiri.

Huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi ukapotea au pombe ikaanza kuchukua nafasi ya gitaa, mgonjwa aonane na mtoa huduma za afya. Vilevile arudi hospitali haraka akiona usaha, homa, wekundu unaopanda mkononi, au vidole vyeupe, vya baridi au vyenye maumivu makali ndani ya hogo. Dalili hizo hazisubiri kliniki ya wiki ijayo.