KEKI YA SIMU IMEPENDEZA, ILA ALIYEIPAMBA KALIPWA?

Wadau, wiki hii kila ukishika simu unakutana na picha ya simu nyingine, ila hiyo ya kwenye picha ni keki! Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva kafanya bethidei yake hapa Dar, na katikati ya meza kulikuwa na keki ya umbo la simu: kioo cheusi kinang'aa, vialama vya programu vya rangi zote, na meseji ya "hepi bethidei" imeandikwa kwa sukari kama vile imeingia sasa hivi. Picha zimesambaa balaa.

Kilicholeta maneno ni kilichofuata. Dada aliyeitengeneza, ambaye huwa anaokea nyumbani kwake, kaandika kwamba alipewa advansi tu, nusu ya bei waliyokubaliana. Nusu iliyobaki aliambiwa "utatagiwa". Tagi yenyewe mpaka leo haijaonekana.

Badala ya kumwonea huruma, mashabiki wa staa wakamshukia kama mwewe. "Yaani keki ndo ya kutolea povu?" "Si sukari tu hiyo?" Mwingine akamaliza kabisa: "Hata hiyo fondanti haikulika, watu waliibandua wakaiacha kwenye sahani."

Sawa, ni sukari. Fondanti ni sukari ya unga inayokandwa na jelatini na glukosi mpaka inakuwa donge, halafu inasukumwa kama chapati. Lakini anayesema "sukari tu" ajaribu kutengeneza simu.

Kwanza, rangi nyeusi. Ukitia rangi kwenye fondanti nyeupe unapata kijivu. Unaongeza, unaongeza, ikija kuwa nyeusi imeshalegea na inanata mikononi, na wageni wakila wanatoka na midomo kama wametafuna mkaa. Wanaojua huanza na fondanti ya chokoleti, au hununua iliyotiwa rangi tayari, na hiyo bei yake imesimama.

Pili, kona. Keki ya duara inasamehe, simu haisamehi. Fondanti ukiivuta kwenye kona inachanika, ukiilegeza inajikunja. Lazima keki ipakwe kwanza krimu ya siagi au chokoleti, igande, inyooshwe kama ukuta uliopigwa plasta, ndo ivishwe. Baada ya hapo kila kialama kinakatwa kwa kisu kidogo na kubandikwa kwa brashi yenye maji kiduchu. Maji yakizidi, sukari inayeyuka. Ukikosea kimoja, jicho la mtu linakwenda hapo hapo, maana kila mtu anaijua sura ya simu kuliko sura ya jirani yake.

Tatu, joto letu hili. Fondanti inavuta unyevu wa hewani. Itoe kwenye friji uiweke mezani Dar, inatoka jasho na rangi zinaanza kuchuruzika. Mpambaji analala na feni imeelekezwa kwenye keki, na umeme ukikatika usiku anabaki na dua tu. Ukijumlisha kuoka, kupoza, kuvisha na kupamba, siku mbili zimekwenda, na oda nyingine kazikataa.

Sasa turudi kwa yule aliyesema fondanti haikulika. Ni kweli, wengi wetu huwa tunaibandua, ni tamu kupita kiasi. Lakini nani alimwambia keki ya simu inanunuliwa kwa ajili ya ulimi? Inanunuliwa kwa ajili ya picha. Na picha zimetumika! Staa kapiga nayo akiwa kasimama, akiwa kakaa, akiwa anaikata, na watu wamemsifia siku nzima. Alichokilipia nusu kakitumia chote.

Wapo wanaosema kutangazwa na staa ni malipo tosha. Tusibishe sana, kuna watu wamepata wateja kwa njia hiyo. Ila mkubaliane mapema, sio keki ikishafika ukumbini. Na duka la vifaa vya keki halipokei tagi. Mwenye nyumba naye hapokei.

Dada wa keki naye aambiwe ukweli, maana kumtetea sio kumbembeleza. Kakabidhi keki bila kumaliziwa hela kwa sababu mteja ni mtu mkubwa, akaona aibu kudai. Aibu hiyo ndo inaua biashara za nyumbani. Makubaliano yaandikwe hata kwa meseji, advansi inunue vifaa, na salio liingie kabla keki haijatoka mlangoni. Staa akinuna, anunue keki ya kawaida.

Kinachouma zaidi ni kwamba huyo staa mwenyewe aliwahi kulalamika kwamba mapromota wanampigisha shoo halafu wanamzungusha hela. Siku ile wote tulikuwa upande wake, hakuna aliyemwambia "si kuimba tu?" Basi na huyu alipwe. Salio lenyewe halifiki hata bei ya viatu alivyovaa siku hiyo.

Wadau, nyie mnaonaje? Dada kakosea kuyatoa hadharani, au staa amlipe yaishe? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana.