Kufungwa Bila Kufuli: Hoja juu ya Shaka ya Watu wa Mpanda

Pana usemi upendwao na wakubwa wa miji na wilaya, nao ni kuwa mwananchi wa pembezoni hana imani na viongozi wake kwa sababu hana elimu. Usemi huu husikika zaidi panapozuka habari ya hospitali au zahanati kufungwa, au kuhamishwa, au kuachwa ichakae. Watu wakiuliza, huambiwa kuwa hawajaelewa. Wakiuliza tena, huambiwa kuwa wamechochewa. Haidhaniwi hata kidogo kwamba yamkini wameelewa vema, na kwamba shaka yao ni hesabu iliyopigwa kwa makini na watu waliolipa gharama ya kila tarakimu iliyomo ndani yake.

Mkoa wa Katavi wafaa kuwa shahidi katika shauri hili. Mji wa Mpanda ulikuzwa na uamuzi uliofanywa mbali nao, na nusura uuawe na uamuzi mwingine uliofanywa mbali vilevile. Madini ya risasi ndiyo yaliyoileta reli kutoka Kaliua mwaka 1950, na kwa miaka michache palikuwa na mishahara, maduka na pilikapilika za mgodi. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Hapakuwa na kura iliyopigwa na wakazi, wala haikutazamiwa iwepo, maana mgodi ulikuwa mali ya kampuni, na kampuni hutazama faida yake. Lakini mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ile alijifunza somo ambalo shule haikumfundisha: kilicholetwa na mgeni kwa sababu ya haja ya mgeni, mgeni aweza kukiacha siku haja yake ikiisha. Somo la namna hii halifutwi na hotuba.

Hata hivyo itakuwa uwongo kusema kwamba watu wa nchi hiyo hawajui kuamini. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi tabibu Adrian Atiman, Mwafrika aliyetekwa utumwani katika Sudani ya magharibi angali mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Mtu aweza kubishana juu ya misheni na makusudi yake, na ubishi huo una haki yake. Lakini hakuna wa kubisha kwamba mgonjwa wa Karema alijua mwaka hadi mwaka atampata wapi tabibu wake. Imani ilipatikana kwa sababu mtu alikaa. Dawa za siku zile zilikuwa haba, na nyingine hafifu. Kukaa kwake hakukuwa hafifu.

Sasa na itazamwe habari ya Katumba na Mishamo, kwani hapo ndipo kiini cha shauri. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, ili kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mishamo peke yake ilikuwa na vijiji 16 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,050, mbali sana na mji wa Mpanda. Watu walifyeka msitu, wakalima mahindi na maharagwe na tumbaku, wakapata shule na huduma za tiba kwa msaada wa mashirika ya nje. Mwaka 1985 Mishamo ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na wafadhili wakaenda zao. Kukabidhiwa si kosa. Nchi haiwezi kutibiwa milele na mkono wa jirani, na Tanzania iliyowapokea wageni wale kwa ukarimu ambao mataifa tajiri hayakuuonyesha, yastahili heshima yake. Kosa lilikuja baadaye, likaja limevaa vazi la habari njema.

Mwaka 2007 ulianza mpango wa kuyafunga makazi hayo. Waliotaka kurudi Burundi wangerudi. Waliotaka uraia wa Tanzania wangepewa. Na waliopewa uraia wangehamishwa na kutawanywa katika mikoa 16. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu yalikubaliwa. Lakini cheti kilifungwa na safari: asiyehama, hapati. Mwaka 2011 uhamisho ulisimamishwa. Vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, na safari hii wakaruhusiwa kubaki walipokuwa. Basi kwa muda wa miaka saba watu wale walikuwa wakaaji wa mahali palipotangazwa kuwa patafungwa, na katika miaka hiyo mingi walikuwa wameukana uraia mmoja bila kushika cheti cha wa pili. Waliambiwa wasijenge majumba ya kudumu, wasipande mazao ya miaka mingi.

Na sasa aulizwe mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya fedha: zahanati iliyo katika makazi yanayofungwa hutengewa nini? Ni mhasibu gani atakayetia sahihi fedha za paa jipya juu ya jengo ambalo karatasi za serikali zasema litaachwa? Ni mganga gani kijana atakayeomba kupangiwa kazi mahali ambapo mwakani hapatakuwapo? Hahitajiki mtu mwovu hata mmoja. Yatosha kila mmoja afanye kazi yake kwa busara, kila mmoja asubiri kidogo, na huduma itafungwa bila kufuli, mlango ukiwa wazi na bango likiwa juu yake. Kufungwa kwa namna hii ni kubaya kuliko kule kwa kufuli. Mlango uliofungwa humwambia mama mjamzito aende kwingine mapema. Mlango ulio wazi humngoja afike usiku, ndipo umwambie.

Watetezi wa wakubwa wana majibu, na jibu lao lenye nguvu ni hili: kwamba katika miaka ileile ya 2007 hadi 2017 taifa lilikuwa na mpango wa afya ya msingi, ulioahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na kwamba mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa wenye makao yake Mpanda. Yote mawili ni kweli. Lakini ahadi ya zahanati kila kijiji yamfaa nini mtu ambaye kijiji chake kimetolewa katika hesabu ya vijiji vitakavyokuwapo? Makao ya mkoa nayo hujenga kwanza ofisi, kisha nyumba za wenye ofisi. Na wala umbali wa Dar es Salaam usitolewe kuwa udhuru wa kila jambo: Waziri Mkuu wa miaka 2008 hadi 2015 alikuwa mwana wa Mpanda mwenyewe.

Husemwa tena kuwa wenye shaka hujidhuru, kwani hukataa kuchangia mfuko wa afya ya jamii ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Mchango wa mfuko ule ni wa mwaka mzima, hutolewa kabla ya ugonjwa. Asiyejua mwakani atalala mkoa gani, akikataa kununua tiba ya mwaka katika zahanati asiyojua itakuwa wazi, amefanya kosa gani? Kama angekuwa mfanyabiashara wa mjini angesifiwa kuwa mwangalifu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni ajabu kumlaumu kwa mshtuko, na kumwacha nyoka bila swali.

Pana jambo jingine lisilosemwa sana, nalo ni la mamlaka mbili. Ardhi ya makazi na ruhusa ya kuingia na kutoka vilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na mkuu wake wa makazi. Huduma za afya zilikuwa kazi ya halmashauri, ambayo Sheria ya mwaka 1982 imeipa wajibu huo. Mkazi akilalamikia dawa, huelekezwa halmashauri. Halmashauri ikiulizwa juu ya kesho ya kituo, huelekeza wizarani. Na mkimbizi hapigi kura, kwa hiyo hakuwa na diwani wa kumwogopa wakati wa uchaguzi. Kati ya ofisi hizi mbili kila moja ilikuwa na kauli sahihi, na mgonjwa akabaki katikati na kauli zote mbili mkononi.

Dar es Salaam haikutendewa hivyo. Hospitali kongwe ya Sewa Haji ilipopitwa na wakati, mji ulipata hospitali mpya mwaka 1956, ambayo sasa ni Muhimbili, na jina la Sewa Haji limehifadhiwa humo hadi leo. Kwa mji mkuu, jipya lilisimama ndipo la kale likaondoka. Hakuna sababu ya kiganga wala ya kifedha itakayoonyesha kwa nini mwanamke wa Mishamo astahili utaratibu uliopinduliwa, la kale liondoke kwanza na jipya libaki maneno.

Kitakiwacho si kikubwa. Uamuzi wowote wa kufunga, kuhamisha au kushusha daraja huduma ya afya na uandikwe, usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla haujapitishwa, na utaje mahali patakapochukua nafasi yake, ambapo tayari pana mganga, dawa na njia ya kumfikisha mgonjwa. Maswali ya watu yaandikwe katika muhtasari pamoja na majina ya waliojibu. Muda ukibadilika, mkutano uitwe tena, asiachiwe mwananchi kuokota habari sokoni. Na siku kiongozi atakapofika Katumba au Mishamo na neno jipya, aje na muhtasari wa neno la kale mkononi, ausome kwanza, na akae mpaka maswali yaishe.