Mama wa kibanda ana rekodi kukuliko. Shida ni PDF

Kila wiki kuna msee mwenye taa ya duara usoni anatokea TikTok kuambia wafanyabiashara wa Kibera na Kawangware ati hawakui juu hawaweki rekodi. Andika mauzo. Tenganisha pesa. Nunua programu ya hesabu, iunganishe na benki, kila kitu kijipange chenyewe ukiwa umelala. Halafu chini kuna kiungo cha kununua hiyo programu, na yeye anakula kamisheni.

Hiyo ni uongo, na iko na madharau ndani.

Mama anayeuza chapo na madondo pale Kawangware 56 ana rekodi ya kila shilingi iliyoingia kwa simu yake: siku, saa, dakika, sekunde, namba ya muamala na salio lililobaki. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kuna watu mtaani wana historia ya pesa ndefu kuliko umri wa wengi wenu mnaosoma hii. Ndio, pesa taslimu bado zipo na hizo lazima uandike kwa daftari. Lakini usiniambie huyo mama hana rekodi. Anazo, ila zimefungiwa mahali programu yako haifiki.

Wacha nieleze vile hizi programu zinafanya, juu wauzaji hawasemi. QuickBooks, Xero na wenzao zilijengwa na watu ambao pesa zao zinaishi benki. Unaingia, unachagua benki yako kwa orodha, unakubali, na kuanzia hapo kila muamala unateremka kwa programu kama maji ya mfereji. Kazi yako inabaki kubonyeza tu: haya ni mauzo, hii ni kodi ya nyumba, hii ni nauli. Hiyo mfereji ndiyo wanakuuzia kwa tangazo.

Sasa uko Makina, Kibera. Benki yako ni laini ya simu. Stetimenti ya laini ya kawaida inakuja kwa PDF yenye paswadi. Kwa hivyo badala ya mfereji unabeba mtungi: unafungua PDF, unahamisha jedwali kwa Excel, unalipanga upya kwa safu zile programu inataka (QuickBooks inataka tatu ama nne: tarehe, maelezo na kiasi, ama pesa iliyoingia na iliyotoka kando kando), ndio upakie. Mtungi unamwagika njiani. Na ukimwagika, unaambiwa hujui hesabu.

Unamwagikia wapi? Cheki stetimenti yako saa hii. Ukimtumia mtu pesa unaona mistari miwili, mmoja wa pesa na mmoja wa ada, na yote miwili iko na namba moja ya risiti. Programu nyingi zimefundishwa kwamba namba ikijirudia, huo ni muamala uliopakiwa mara mbili. Ukiiambia itumie hiyo namba kama kitambulisho, inaweza kutupa mstari wa ada bila kukuuliza. Ni shilingi chache tu kila mara, lakini mwisho wa mwezi salio la programu na salio la simu hayaongei. Unaanza kushuku kijana anayekusaidia kibandani. Nimeona familia zikikosana juu ya hiyo kitu, na hakuna mtu alikuwa ameiba.

Fuliza ndiyo mbaya zaidi. Iko nasi tangu Januari 2019 na mtaani ni kama hewa. Ukilipa kitu na salio halitoshi, stetimenti inaonyesha ile pesa ya kujazia kwa safu ya pesa zilizoingia, kwa mstari wenye neno "OverDraft". Programu ikiona pesa imeingia, itasema nini? Mapato! Deni lako linageuka mauzo. Mteja akilipa na Fuliza ikakatwa, ule mkato unaonekana kama matumizi. Kwa hivyo vile unazidi kukopa, ndivyo biashara yako inazidi kuonekana kubwa kwa karatasi.

Ongeza pesa za chama zinazopita kwa laini ya mweka hazina, pesa ulizohamisha mwenyewe kutoka benki, na ndugu aliyerudisha deni. Programu haijui chama ni nini.

Mtu atasema, si ni kosa dogo tu, rekebisha uendelee. Sikia basi kwa nini si dogo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo ikawa asilimia 3, kuanzia Julai 2023, kwa mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Haijali kama ulibaki na kitu. Tuseme yule mama anauza shilingi 2,800 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni 840,000, yuko chini ya mstari. Lakini yeye ndiye mweka hazina wa chama cha wamama 20, kila mmoja anatuma 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni 240,000 kwa mwaka, na haina chake ndani zaidi ya mchango wake. Programu ikihesabu zote kama mauzo, anakuwa mtu wa 1,080,000. Amevuka. Asilimia 3 ya hiyo ni 32,400. Anaitoa wapi? Kwa chapo?

Hapo ndipo wale wa taa ya duara wanasema "si achukue till." Sawa, till inasaidia kutenganisha. Pochi la Biashara pia. Mwenye till ama Paybill ana hata njia ya mfereji wa kweli, Daraja, ambayo Safaricom ilifungua 2017: kila malipo yakiingia, mfumo wao unatuma taarifa kwa mfumo wako. Lakini soma tena hiyo sentensi. Mfumo wako. Unahitaji seva yako na mtu wa kuandika msimbo wa kupokea hizo taarifa. Mwenye supamaketi atamlipa mtu. Mshona viatu wa Laini Saba atamlipa nani, na kwa pesa gani? Na hata ukiwa na till, mteja aliyezoea namba yako ya kawaida bado atakutumia huko. Utamfukuza?

Na hapo nakasirika zaidi. Msituambie teknolojia haiko. Programu za mikopo zilipotaka kujua pesa zetu, njia ilipatikana mara moja. Zilikuwa zinaomba ruhusa ya kusoma meseji, zinapitia za M-Pesa, na kwa dakika chache zinajua unaingiza ngapi na wakukopeshe ngapi. Kwa mwenye kutaka kutukopesha data yetu ilikuwa wazi. Sisi wenyewe tukiitaka tupige hesabu za kibanda, tunapewa PDF.

Kwingine hawakungoja kampuni zijisikie. Uingereza, mamlaka ya ushindani iliamuru benki tisa kubwa zifungue data ya wateja kwa programu ambazo mteja mwenyewe amekubali, na mfumo ukaanza Januari 2018. Ulaya walikuwa na sheria yao ya mambo hayo mwezi huo huo. Mwenye duka kule anaunganisha akaunti juu benki ililazimishwa, si ati ana nidhamu kuliko wewe.

Na sisi? Hii ndiyo watu hawaambiwi: Kenya iko na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inasema una haki ya kupata data yako kwa muundo uliopangwa, unaotumika kwa kawaida, na unaosomeka na mashine. Una haki ya kuipeleka kwa mwingine, na pale inapowezekana kiufundi itumwe moja kwa moja. Ombi lijibiwe kwa siku 30, kwa gharama ya kiasi. Mawakili watabishana kama PDF yenye paswadi inasomeka na mashine. Mimi nasema mashine yangu imejaribu, na ada zimepotea.

Kabla hiyo haki ifike mtaani, fanya hivi, na usilipe mtu akufanyie. Stetimenti iko na safu ya salio kwa kila mstari, na hiyo ndiyo silaha yako. Kwa Excel, panga miamala kutoka ya zamani hadi mpya, juu mara nyingi inakuja kinyume. Ikiwa ada na muamala wake ziko na saa moja, ziache zikifuatana vile zilikuwa. Halafu andika fomula rahisi: salio la juu, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka. Jibu likikataa kufanana na salio la M-Pesa, simama kwa mstari wa kwanza uliokataa, usiangalie mwingine. Shida iko hapo: ada imeruka, ama koma ya 1,500 imekata namba mara mbili. Mstari wa siku moja ukitokea mara mbili, ulipakia stetimenti mbili zinazopandana. Pia hakikisha 05/06 imesomwa tarehe 5 Juni, si Mei 6 kama Wamarekani. Fuliza ipe akaunti yake ya deni. Chama kipe akaunti yake. Visiguse mauzo hata siku moja.

Ikikushinda, tumia daftari la mistari na stetimenti kando. Ni afadhali daftari la kweli kuliko programu inayokudanganya na rangi nzuri.

Lakini ombi liandike bado. Barua pepe fupi kwa kampuni yako ya simu ama benki: jina, laini, kipindi unachotaka, na useme unaomba chini ya kifungu cha 38 upewe miamala yako kwa faili ya jedwali, si PDF. Weka tarehe. Siku 30 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kama mathe yako ndiye mwenye biashara, kaa naye chini muandike pamoja, juu laini ni yake. Mkijibiwa, iwe ni faili ama ni PDF nyingine yenye paswadi, futeni jina na namba mnitumie picha. Nataka kuziweka zote mahali pamoja.